Mashimo ya Bwana Harding

Yunia Nyang'au alizaliwa na hasira. Ndivyo mama yake, Rebeccah, alivyozoea kuwaambia wanawake wenzake shambani, vikapu mgongoni, mikono ikirukaruka juu ya chai. "Huyu alinipiga mateke mimba nzima," alisema, "na mpaka leo hajaacha." Wanawake wakacheka, wakaendelea kuchuma. Walikuwa wanampenda Yunia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa laini yao, ile safu ya nyumba za wachumaji, kufika chuo cha ualimu, na kila aliporudi likizo, wazee waliokuwa wakimwita "wewe msichana" walianza kumwita "mwalimu" hata kabla hajamaliza.

Jamaa hii ilitoka milima ya Kisii mwanzoni mwa vita vya Hitler, ikaja kutafuta kazi katika shamba moja kubwa la chai upande wa Kiptere. Baba yake, mzee Nyang'au, alianza kwa kuchuma kama wengine. Alikuwa mtu wa maneno machache na mgongo ulionyooka, akapanda polepole mpaka akafanywa nyapara. Akapewa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, na nyumba ya mawe mwisho wa laini, mahali ambapo moshi wa jikoni za watu haukufika sana. Kwa Nyang'au nyumba ile ilikuwa jibu la maswali yote. Ukimlalamikia jambo, angekuonyesha ukuta wake kwa kidole na kusema, "Haya, na hii je?"

Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na saba, Yunia akiwa kiongozi wa wanafunzi wa kike pale chuoni, walikuja wageni wa chama kilichoitwa Vijana Wajenzi. Walikuwa wanatafuta viongozi wa wanafunzi watakaojitolea likizo ya Agosti kwenda Uganda, katika nchi ya Toro, kuongoza kambi ya vijana. Vijana wale wangejenga shule. Viongozi wangeishi nao, wawasimamie kazini, wawafundishe nyimbo na usafi. Malipo hakuna, ila nauli na chakula. Mlezi wa chama hicho kwa upande wa Kericho alikuwa Memsaab Prescott, mke wa meneja wa shamba lile lile alilokuwa nyapara Nyang'au. Yeye ndiye aliyesema, "Mchukueni binti ya nyapara wetu. Ana sauti, na watu wanamsikia."

Laini nzima ilifurahi. Sabato iliyofuata, kanisa lilimwombea kana kwamba anakwenda Yerusalemu. Nyang'au, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia mtoto, alimshika bega mbele ya watu akasema, "Usituaibishe." Yunia alicheka. Aibu ilikuwa mbali sana na fikira zake.

Mwenzake wa safari alikuwa Peterson Gichuki, mwana wa Nganga mwenye duka pale Kericho mjini. Miaka hiyo ya Hali ya Hatari, Mkikuyu hakutoka mji mmoja hadi mwingine bila ruhusa, sembuse kuvuka mpaka. Lakini Nganga alihesabiwa kuwa upande wa serikali, na Memsaab alimsemea mwanawe, basi ruhusa ikapatikana. Walipanda treni Lumbwa, wakapitia Nakuru, wakalala wamekaa mpaka Uganda. Gichuki alikuwa kijana wa maskhara, mwepesi wa kuimba. Waligawana mahindi ya kuchemsha na kubishana juu ya kila kitu. Karibu na Tororo, watu wa behewa wakiwa wamesinzia, alimwinamia Yunia akamwambia, "Nina ndugu kizuizini. Mkubwa wangu. Usimwambie mtu." Yunia akasema hatasema. Na hakusema. Toka hapo alimwona Gichuki kuwa kama ndugu yake wa tumbo moja.

Kambi ilikuwa juu ya mteremko, mahema yamepangwa safu mbili, na ng'ambo ya bonde ilisimama milima mirefu ambayo asubuhi mawingu yakifunguka inaonyesha theluji. Mkuu wa kambi aliitwa Bwana Harding. Alikuwa amepigana Burma, alivaa kaptura, na shingoni alikuwa na filimbi ambayo hakuivua hata wakati wa kula. Alisema Kiswahili kile cha masetla wa kizungu, chenye amri nyingi na heshima kidogo.

"Wewe ya wasichana," alimwambia Yunia siku ya kwanza. "Yeye ya wavulana. Mimi napiga filimbi, nyinyi nakuja upesi."

Vijana walitoka shule za Toro na Ankole, wengi wao watoto tu, wameletwa na walimu waliowaambia kwamba ni heshima kuchaguliwa. Kila asubuhi walisali, wakapandisha bendera, wakachukua majembe, wakaenda kwenye mteremko kuchimba mashimo. Bwana Harding mwenyewe alivuta kamba na kupiga vigingi, safu kwa safu, zikizunguka kilima kama mikunjo ya sketi. Yunia alipouliza mashimo ni ya nini, alijibiwa, "Miti ya matunda. Shule nataka matunda."

Basi wakachimba. Na lazima isemwe kwamba siku zile za mwanzo Yunia alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua. Wasichana walimpenda. Jioni aliwafundisha nyimbo za Kikisii, nao wakamfundisha kusalimia kwa Kitoro. Huko kila mtu hupewa jina la pili, la upendo, ambalo wenzake humwita wanapomsalimia. Walishauriana wakicheka, wakampa lake: Abwooli. Usiku akiwa amelala alilirudia jina hilo kimya kimya. Na mchana, wasichana walipochoka, mikono imeota malengelenge, yeye ndiye aliyewatia moyo. "Chimbeni, wadogo zangu," aliwaambia. "Shule haiji kwa miguu yake. Chimbeni, wadogo zenu watakula matunda." Maneno hayo baadaye yalikuja kumchoma kuliko yote aliyotendewa.

Mdogo kuliko wote alikuwa Kahunde, msichana mwembamba mwenye pengo la meno. Wiki ya pili jembe lilimponyoka likampasua mguu juu ya vidole. Bwana Harding alimimina dawa ya kuchoma, akafunga kitambaa, akasema anaweza kubeba vigingi kwa mguu mmoja. Siku iliyofuata mguu ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa. Yunia akamwambia Kahunde asitoke hemani, kisha akashuka bondeni kutafuta maji safi ya kumwosha, maana yale ya kambi yalikuwa na matope.

Mtoni, nyuma ya vichaka, alikuta kitu ambacho hakutarajia kukiona katika nchi ya Toro. Vilikuwa vibanda vifupi vilivyoezekwa majani ya gugu, vimefika magotini tu, na chini yake, safu kwa safu, miche. Aliinama akavuta jani moja. Hakuhitaji kulitazama mara mbili. Alikuwa amezaliwa kati ya majani hayo, amefundishwa kutembea kati yake. Mama yake alikuwa ananuka hayo kila jioni ya maisha yake. Ilikuwa chai.

Akageuka akatazama juu, kwenye mteremko. Sasa aliyaona mashimo kama yalivyokuwa. Alijiuliza ilikuwaje hakuona tangu siku ya kwanza jinsi yanavyozunguka kilima, jinsi yalivyokaribiana, wakati hakuna mwembe wala mchungwa duniani unaopandwa hivyo. Alikuwa ameona. Alikuwa ameambiwa ni matunda, akaamini, kwa sababu aliyesema alikuwa na filimbi shingoni. Alichota maji, akamfikishia Kahunde, kisha akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kambi.

Alimkuta Bwana Harding mbele ya hema lake akinyoa ndevu, kioo kimetundikwa kwenye mti.

"Bwana, ile miche ya kule chini ni chai," alisema.

"Ndiyo, chai." Hakugeuka. "Wewe mtoto ya chai. Wewe najua."

"Ulisema miti ya matunda."

"Matunda, chai, ni mamoja. Yote iko kazi."

"Na shule iko wapi? Hata msingi sijauona. Hata jiwe."

"Shule itakuja. Kwanza shamba, halafu shule."

"Shamba la nani?"

Hapo Harding akageuka, nusu ya uso ina povu. Hakuonyesha haya hata kidogo, na hilo ndilo lililomshangaza Yunia. Alisema kama mtu anayemweleza mtoto jambo rahisi. Shamba lilikuwa lake na rafiki zake wawili. Amewapa vijana mahali pa kupiga kambi, amewapa ndizi na maharagwe, anawafundisha kuamka mapema. Wao wafanye nini ila wafanye kazi?

"Nyinyi nasema iko kujitolea," alimaliza, akachukua wembe wake tena. "Basi, jitolea."

Yunia alimwendea Gichuki, aliyekuwa akinoa majembe kwa jiwe. Alimweleza yote bila kuvuta pumzi. Gichuki aliendelea kunoa.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mbona hushtuki?"

Gichuki akaweka jembe chini. "Niliiona juzi, ile miche."

"Uliiona? Na leo asubuhi ukawaimbia wavulana wimbo wa kuchimba?"

"Yunia, tumebakiza siku chache tu. Tumalize, turudi nyumbani. Ukipiga kelele hapa itakuwa nini? Hii si nchi yetu."

"Kahunde anaoza mguu kwa ajili ya chai ya mtu, na wewe unaniambia siku chache?"

"Unajua mambo ya kwetu," alisema Gichuki kwa sauti ya chini. "Mimi nikitajwa kwa ubaya mahali popote, baba anafungiwa duka. Labda tunapelekwa sisi wote alikopelekwa ndugu yangu. Wewe watakugombeza tu. Mimi watanifunga."

Yunia alimtazama. Alijua ni kweli. Hata hivyo hasira haikupungua, ilibadilika tu, ikawa na ladha ya uchungu. "Basi nyamaza," alimwambia. "Sikuombi useme. Kaa kimya tu, hilo nalo unaliweza."

Asubuhi yake, baada ya sala, kabla filimbi haijalia, Yunia alisimama mbele ya vijana. Alichanganya Kiingereza na Kiswahili na yale maneno machache ya Kitoro aliyokuwa amefundishwa. Aliwaambia mashimo ni ya chai, na chai ni ya Bwana Harding, na shule haipo. "Mimi ndiye niliyewaambia chimbeni," alisema. "Nilidanganywa, nikawadanganya. Leo mimi sichimbi." Akakaa chini.

Kisha msichana mmoja akakaa. Kisha wengine. Wavulana wakatazamana, wakamtazama Gichuki, ambaye alikuwa anatazama milima. Mmoja akatupa jembe, wote wakakaa, wengine juu ya majembe yao. Bwana Harding akatoka hemani akapiga filimbi. Akapiga tena. Akapiga mpaka shingo ikawa nyekundu kama nyama mbichi, na hakuna aliyeinuka.

"Nani amesema?" alifoka. "Nani amefanya fitina hapa?"

Yunia alikuwa tayari ameweka mkono chini ili ainuke aseme ni yeye. Hakutaka kujificha, alitaka kulisema mwenyewe, mbele ya wasichana wake. Lakini kabla hajanyooka, alisikia sauti aliyoijua.

"Ni Yunia, bwana," alisema Gichuki. "Peke yake. Wengine hawana makosa."

Alisema kwa Kiingereza kizuri, viatu vyake vimeshikana, mikono nyuma. Na Yunia, ambaye angekwenda mbele kwa kichwa kilichoinuliwa, akajikuta amesimama kama mwizi aliyetajwa.

Harding akaamua Yunia arudishwe kwao siku hiyo hiyo. Lori la kambi lilipowashwa, Yunia alisimama mbele yake, mgongo ukigusa chuma cha moto, akasema hatapanda wala lori halitaondoka mpaka Kahunde apakiwe apelekwe hospitali ya Fort Portal. Harding alimtukana. Dereva, Mtoro mtu mzima, alizima injini akashuka, akaingia hemani bila kuomba ruhusa, akatoka amembeba Kahunde mikononi. Njia nzima mtoto alilala kichwa mapajani mwa Yunia, mwili unawaka. Pale hospitali mwuguzi alipofungua kitambaa alivuta pumzi kwa meno, akauliza, "Nani alimwacha hivi?" Kahunde alishika kidole chake akamwita Abwooli. Ndiyo mara ya mwisho kuitwa hivyo.

Habari zilimtangulia nyumbani. Alipofika, chuo kilikuwa kimekwisha kusema asirudi mpaka aombe msamaha mbele ya watu, na Bwana Prescott, meneja, alikuwa amemwita baba yake ofisini. Nyang'au alimngojea mlangoni pa nyumba ya mawe, amevaa koti lake la kaki ingawa kazi ilikuwa imekwisha.

"Utaomba msamaha," alisema.

"Tata, hujaniuliza hata kilichotokea."

"Sitaki kujua kilichotokea. Nyumba hii najua. Shule ya ndugu zako najua. Meneja ameniambia kwa mdomo wake: msichana akiomba msamaha, yamekwisha. Akikataa, nitafute pahali."

"Waliwatumia watoto kama punda, Tata! Watoto wa watu, wakaambiwa ni miti ya matunda, wakalimia mzungu shamba la chai bure, wakiimba!"

"Na mimi nimefanya nini miaka yote hii?" Nyang'au aliinua sauti, jambo ambalo hakuzoea kulifanya. "Unafikiri mimi nilikuwa nachimba matunda?"

Rebeccah alikuwa jikoni, anakoroga ugali. Mwiko wake ukaacha kugonga sufuria. Yunia aliona baba yake anapapasa vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu vitakavyochukuliwa. Hasira aliyokuwa nayo kwa Harding angeweza kuishi nayo. Hii nyingine, ya kumwona baba yake anaogopa, hakujua aiweke wapi. Mwishowe alisema, "Nitaomba. Kwa ajili yako, si kwa ajili yao."

Jumapili ya pili wakakusanya watu katika jumba la shamba, lile ambalo wakati mwingine lilionyeshwa sinema. Wachumaji walijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa Bwana na Memsaab Prescott, mwalimu mmoja kutoka chuoni, Nganga mwenye duka na mwanawe Gichuki, na katikati yao, amevaa suti, Bwana Harding. Alikuwa amekuja Kericho kununua mbegu za chai, ikaonekana vizuri akae naye asikie.

Alipewa nafasi azungumze kwanza. Alisimulia kambi ya Toro kwa Kiingereza. Alisema vijana wa Kiafrika wametoa zawadi ya jasho lao kwa moyo mkunjufu, na shamba sasa limepandwa, ni kijani, ni jambo la kutazama. Kulikuwa na tatizo dogo, alisema, la mtu mmoja, lakini vijana walimaliza kazi. Karani wa shamba alitafsiri, na watu wakapiga makofi kwa sababu Memsaab alipiga makofi. Kisha Gichuki akainuliwa. Akasema kambi ilimfunza nidhamu. Akasema anamshukuru Bwana Harding. Hakumtazama Yunia hata mara moja.

Kwa hiyo walimaliza. Hilo ndilo neno lililobaki masikioni mwa Yunia alipoitwa mbele. Walimaliza! Baada ya yeye kuondolewa, watoto wale walirudishiwa majembe. Alikuwa amekariri maneno yake yote, manne au matano tu, na njiani kutoka nyumbani alikuwa ameyarudia kama dawa chungu. Aliwatazama watu. Aliwaona wanawake wa laini, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Alimwona mama yake nyuma, amesimama.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema, na Memsaab akatabasamu. "Nawaomba msamaha wasichana wa Toro. Niliwaambia wachimbe, nikiwaambia ni shule. Hakuna shule. Ni shamba la chai la huyu bwana aliyekaa hapa. Kuna mtoto alikatwa na jembe akaachwa mguu unaoza. Naomba msamaha kwa yule mtoto. Naomba msamaha kwa wazazi wake. Kwa huyu," akamwonyesha Harding kwa mkono wote, si kidole, "sina msamaha wa kuomba. Yeye ndiye anayedaiwa."

Jumba lilivuma. Karani alisahau kutafsiri, lakini haikuhitajika. Bwana Prescott alisimama akasema, "Basi! Basi!" na nyuma, Nyang'au naye akainuka. Watu wakampisha njia. Wengi walidhani anakwenda kumpiga binti yake kofi mbele ya wazungu. Alifika mbele, akasimama karibu naye, uso umekauka kama ukuni.

"Twende nyumbani," alisema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa Yunia kwa muda mrefu. Mwezi haukwisha kabla hawajatoka katika nyumba ya mawe. Koti la kaki lilibaki ofisini, maana lilikuwa mali ya shamba. Chuo kilimfuta Yunia. Rebeccah alibeba vyombo kichwani akapita katikati ya laini bila kuinamisha macho, na wanawake waliomwogopa meneja walimpungia mkono kutoka nyuma ya milango.

Walikwenda Roret, kwa Mkipsigis mmoja aliyeitwa Kipkosgei, ambaye Nyang'au alizoea kununua maziwa kwake. Kipkosgei hakuuliza maswali. Aliwaonyesha kipande cha ardhi karibu na mto akasema, "Lima hapa, mzee, pila wasiwasi. Ng'ombe wangu watakuzoea." Wakajenga nyumba ya udongo. Nyang'au akarudi kwenye jembe kama kijana, akalima mahindi na wimbi na kabichi, na kila alipotaka kitu kutoka kwa binti yake alimwambia mkewe: "Mwambie huyo alete panga." Yunia alilileta panga, akaliweka karibu naye, akaondoka.

Kanisa dogo la pale lilikuwa na mabati na mabenchi, na siku za kazi lilikaa bure. Yunia akaanza kufundisha humo, bila cheti, bila ruhusa ya mtu yeyote. Watoto wa Wakipsigis na wa Wakisii walikuja, wengine wamebeba ndugu zao wadogo mgongoni, na wazazi wakaleta mahindi na maziwa. Alikuwa mwalimu mkali. Watoto walimwogopa kisha wakamzoea. Lakini asiwepo mtu wa kusema kwamba alitulia. Aliamka na hasira ile kama mtu anavyoamka na jino bovu. Siku nyingine ililala, siku nyingine ilimpiga akiwa ubaoni katikati ya hesabu, mpaka chaki ikavunjika. Alikasirikia mashimo yale, aliyakasirikia makofi yale. Zaidi ya yote alikasirikia sauti yake mwenyewe ikisema, chimbeni, wadogo zangu.

Mwaka wa hamsini na tisa, siku ya soko, Gichuki alikuja Roret na lori la baba yake kununua mahindi. Yunia alikuwa amekaa na mama yake na baba yake nyuma ya rundo la kabichi. Alimwona kwa mbali akiuliza watu, na alijua anamuulizia nani. Gichuki alikuwa amenenepa kidogo, amevaa tai. Akasimama mbele yao, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama." Kisha, "Yunia."

Nyang'au aliitikia. Rebeccah akatazama upande mwingine. Kulikuwa na kigoda kimoja kitupu pale. Yunia alikivuta kwa mguu akaweka kabichi juu yake.

"Nimekutafuta siku nyingi," alisema Gichuki. "Nilitaka kukuambia niliogopa."

"Hata mimi niliogopa."

"Wewe ulikuwa na pa kurudi. Mimi, unajua ndugu yangu alikuwa wapi. Ametoka mwaka jana. Hasikii kwa sikio moja."

"Pole kwake," Yunia alisema, na alikuwa anamaanisha. "Nilikuomba ukae kimya tu, Gichuki. Sikukuomba ufe. Kukaa kimya kungekufunga?"

Gichuki aligeuzageuza kofia. "Harding aliuliza akinitazama mimi. Nilijua ungesema tu mwenyewe. Nikaona, kama utasema hata hivyo, basi mimi..."

"Basi wewe uchume faida."

Gichuki akalegeza tai.

"Na pale kwenye jumba? Pale nako uliulizwa?"

"Yunia, mambo yanabadilika sasa. Hao watu wataondoka. Tutakuwa na nchi yetu, na watu kama wewe watahitajika. Nina marafiki wanaoweza kukusaidia urudi chuo. Nimekuja kwa ajili hiyo. Ukubali tu tusahau."

Yunia akainuka. Hakuwa mrefu, lakini Gichuki alirudi nyuma hatua. Watu wa kabichi za jirani wakaacha kuita wateja.

"Unisikilize," alisema. "Wewe ulisema uongo mbele ya watu, ukapigiwa makofi. Nenda ukaseme ukweli mbele ya watu hao hao, katika jumba lile lile, kwa sauti ile ile nzuri. Ukishasema, njoo, nitakupa kiti. Mpaka siku hiyo usiniletee chuo, usiniletee nchi, usiniletee ndugu yako. Nunua mahindi yako uende."

Gichuki alikitazama kigoda chenye kabichi. Akavaa kofia. Akaaga wazee kwa heshima, akaondoka kupitia katikati ya magunia, na muda si mrefu lori likasikika likipanda kilima cha kuelekea Kericho. Sharti lile alilowekewa hakulitimiza kamwe. Watu walisema baadaye kwamba alipata kazi nzuri serikalini.

Yunia alikaa chini. Rebeccah akampa kitambaa ajifute jasho. Soko likarudia kelele zake. Nyang'au alikuwa anapanga kabichi zilizokwisha kupangwa. Kisha, bila kuinua macho, bila kuyapitisha maneno kwa mkewe, alisema:

"Ungempa hata maji. Ametoka mbali."

Yunia alishtuka. Akamtazama baba yake, aone kama kweli anamwambia yeye.

"Maji yapo mtoni, Tata, na miguu anayo," alisema.

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Mwanzo Rebeccah alidhani analia, akamshika mkono. Lakini Nyang'au alikuwa anacheka, kimya kimya, macho yamejaa maji, anacheka mpaka akalazimika kuweka kabichi chini.